Magari Mawili Juu ya Jeki

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Wadi Kabir.
Maduka ya vipuri bado yamefumba macho
na sisi tumeshayapandisha magari mawili,
makalio wazi, kama watoto wanaongoja sindano.

La kijani ni la kaka yangu Muhenna.
Jekundu ni langu, nimelipa nusu.
Yote mepesi: watu wanne walioshiba wanaliinua.

Mjomba Zahran kalala chali chini ya la kijani,
tochi mdomoni, anasemea menoni:
"Ekseli hii mti mmoja. Gurudumu hili likikanyaga kokoto,
lile la pili linaamshwa usingizini."
Anagonga bomba kwa spana. Linalia kizito, kengele ya shule.
"Ila tazama, tairi limesimama wima.
Liminye, liachie, wima tu.
Na hapa kati fimbo mbili na kidude kinachozunguka,
kuzuia mti usitembee kushoto na kulia.
Aliyekifikiria alikuwa na akili kuliko pesa."

Kisha anatambaa kuja kwangu.
Mikono miwili ya pembetatu kila upande,
kila gurudumu na springi yake, shimo lake, riziki yake.
Difu imefungwa kwenye fremu, magurudumu hayaibebi,
kwa hiyo mguu mwepesi, unarudi chini
kabla barabara haijaondoka.
"Zuri," anasema. "Lakini hesabu bushi."
Nikahesabu. Kumi na mbili.
"Jua la Julai litazila zote. Hii ikilegea kidogo, na ile kidogo,
jumla yake ni gari lisilojua linakokwenda."

Nilitaka kusema: basi ndiyo sisi,
Muhenna anayetikisika Bi Mkubwa akikohoa Unguja,
na mimi niliyejifungia springi yangu hapa Maskati.
"Shinuna," akanikata, "usinipigie methali.
Ni chuma. Shika taa."

Tukapanda njia ya Amerat kabla ya malori.
Sasidharan kwenye kona ya tatu na saa yake ya mkononi,
mlima rangi ya mkate ulioungua.
Langu liliipitia kona kama kitambaa juu ya meza.
Pale mvua ilipoacha changarawe
la Muhenna liliruka hatua nzima ubavuni,
likatikisa mkia, likatulia.
Sekunde moja na nusu, nimemshinda. Nilipiga honi hadi kileleni.

Tukabadilishana.

Sikutaka kusema hili, ila ni kweli:
kwenye lami safi mti ule haukunificha kitu.
Nilipokanyaga mafuta ulisukuma sawa kwa sawa,
na kiasi kilichobaki kabla ya kuteleza
nilikijua kiunoni, akili bado iko nyuma.
Langu huwa kimya, kimya, kimya,
halafu linakwambia lote kwa mara moja.

Tulikunywa chai ya maziwa tumekaa juu ya boneti.
Mjomba akakunja goti la kulia. La kushoto halikunji.
Hatukumuuliza, miaka yote hatukuuliza.
"Ekseli ya mabawa," akasema mwenyewe.
"Ruwi, mwaka wa sabini na tisa. Gari dogo, zuri kama kisahani.
Niliogopa katikati ya kona, nikaachia mafuta.
Gurudumu likajikunja chini ya tumbo
kama mguu wa kuku aliyechinjwa."
Akamwaga masimbi ya chai kwenye vumbi.
"Lipi bora? Mimi sijui. Lile silitaki."

Muhenna alikuwa akisikiliza chuma kikipoa,
tik, tik, chini yetu.

Jumamosi niliagiza bushi kumi na mbili, zile ngumu.
Nikapiga na simu Unguja.
Kule ni saa moja nyuma. Nilisahau.
Ilipokelewa kwa kikohozi.